Chema Hakijiuzi Kazini

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui methali niliyoifundisha kwa bidii zaidi, wala iliyonihadaa zaidi.

Katika chuo kimoja nilikowahi kufundisha, nilikesha majuma kadhaa nikitunga muhtasari wa kozi ya isimu. Uliposifiwa mkutanoni, jina lililotajwa halikuwa langu. Nilinyamaza, nikitumai kwamba kazi ingejisemea. Haikusema neno. Mwaka uliofuata, mwenye jina lile ndiye aliyepandishwa cheo.

Hebu tulitazame neno hilo, kupandishwa. Mzizi wake ni -pand-. Umetiwa kiambishi cha kusababisha, kisha cha kutendwa. Yaani mtu hajipandishi, bali yuko anayempandisha, naye sarufi yaturuhusu tusimtaje. Siasa za kazini zimejificha papo hapo, kwa huyo mtendaji asiyetajwa.

Wengi watanijibu kwa kumtaja Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, Njoro. Mwaka 2019 alitunukiwa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Naam, alistahiki. Lakini tuzo ile haikumfuata Njoro kwa harufu ya wema wake. Majina zaidi ya 10,000 yalikuwa yamewasilishwa kutoka nchi 179, na lake lilikuwamo. Kazi yake iliandikwa, ikapelekwa, ikasomwa.

Basi, mwalimu mwenzangu wa Molo, Gilgil au Subukia, sikushauri ujipendekeze kwa mkubwa wala umchongee mwenzako. Nakushauri uweke kumbukumbu: tarehe, matokeo, na jina lako juu ya kila ulichokitunga. Kujitaja si kujisifu. Mshuhudie mwenzako hadharani, naye akushuhudie. Nawe mwanafunzi, jifunze mapema kumtaja aliyekusaidia. Huo ndio mwanzo wa haki kazini.

Ama nyinyi wakuu mnaobania sifa kwa kisingizio kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, zingatieni jambo moja. Mgema asiyesifiwa wala kulipwa halitii tembo maji. Hushuka mnazini, akachukua kibuyu chake, akaenda kuwagemea wengine.