Mama aliyekwenda Misri akamwacha mtoto

Ilikuwa saa tano kasoro usiku, nyumba nzima imelala, nikaona mwanga chini ya mlango wa chumba cha binti yangu. Yuko kidato cha pili. Mzazi mwenzangu, unajua moyo unavyoruka ukiona mwanga ule saa zile. Nikafungua bila kubisha hodi, maneno yakiwa tayari mdomoni.

Simu ilikuwepo kweli, lakini imewashwa tochi tu na kuegemezwa kwenye mto. Mkononi alikuwa na kitabu cha karatasi, kimechakaa, jalada limeshikiliwa na selotepu.

"Mama, usinifokee kwanza," akasema. "Maiti inatembea."

Alikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba anayepanga kando ya barabara, shilingi elfu tatu. Kinaitwa Crocodile on the Sandbank, mwandishi Elizabeth Peters, nacho ni cha kwanza katika mfululizo wa riwaya 20 za upelelezi kuhusu familia ya Waingereza wanaochimba makaburi na magofu ya Misri ya kale. Nikamnyang'anya, nikamwambia alale. Kisha nikakaa nacho sebuleni mpaka saa nane usiku. Sasa ningemgombeza kwa mdomo upi?

Hadithi inaanza mwaka 1884. Amelia Peabody ana miaka 32, hajaolewa, na amekaa na baba yake mpaka mzee alipofariki na kumwachia mali yote. Kaka zake ambao hawakuwa na habari naye wanaanza ghafla kumpenda sana. (Ndugu wa namna hiyo hatuwahitaji kuwatafuta Uingereza.) Amelia anachukua pesa zake na mwavuli wake, anapanda meli, na baada ya vituko kadhaa anafika Amarna, mji ulioachwa wa Farao Akhenaten, ambako ndugu wawili wanachimba. Mmoja, Emerson, anafoka kila baada ya kurasa mbili. Usiku maiti iliyofungwa vitambaa inaonekana ikitembea. Nani yuko ndani ya vitambaa vile sitakwambia, lakini nitakwambia kwamba Amelia na yule mfokaji wanaoana.

Elizabeth Peters ni jina la kalamu. Mwandishi mwenyewe ni Barbara Mertz, Mmarekani aliyezaliwa 1927 na kufariki 2013. Mwaka 1952 alipata shahada ya uzamivu ya elimu ya Misri ya kale katika Chuo Kikuu cha Chicago. Hakuwahi kuwa mchimbaji wa kazi. Alilea watoto wawili, akaandika vitabu vya historia ya Misri, kisha riwaya hizi kuanzia 1975. Ndiyo maana mambo ya kaburi, chungu na maandishi ya picha ndani yake hayababaishi. Hata jina la Amelia lina asili: Amelia Edwards, mwandishi wa Kiingereza aliyesafiri juu ya Mto Nile, akaandika kitabu cha safari hiyo mwaka 1877, na mwaka 1882 akawa miongoni mwa waanzilishi wa mfuko wa kugharimia uchimbaji Misri.

Asubuhi yake bibi yao, ambaye yuko kwetu kwa matibabu ya macho, akasikia mazungumzo ya mumia mezani. Akaweka kikombe chini. "Mnasoma habari za mumiani?"

Sisi tuliokua tukitishiwa mumiani ili tusicheleweshe kurudi nyumbani jioni, tunamwelewa. Na bibi hakukosea sana, maana maneno haya mawili ni ndugu. Mumiya lilikuwa jina la kitu cheusi kama lami kilichouzwa kuwa dawa, na watu wakaamini kwamba kitu hicho kimo ndani ya maiti zilizokaushwa za Misri. Ulaya wauza dawa walizisaga maiti hizo kabisa wakauza unga wake. Huku pwani mumiani ilikuwa dawa nyeusi iliyotoka ng'ambo, na watu wakanong'ona kwamba imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Bibi akatikisa kichwa. "Kwa hiyo Wazungu ndio waliokula watu," akasema, akaendelea na chai.

Kama mtoto wako ni mwoga wa laana za Mafarao, mpe habari hizi. Kaburi la Tutankhamun liligunduliwa Novemba 1922. Bwana Carnarvon, aliyelipia uchimbaji, alifariki Aprili 1923, na magazeti yakapiga kelele za laana. Kilichotokea ni kwamba aliumwa na mbu shavuni, akajikata pale pale akinyoa ndevu, kidonda kikaingia sumu. Howard Carter, aliyelifungua kaburi lenyewe, aliishi mpaka 1939. Na binti wa Carnarvon, Evelyn, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia mle ndani, alifariki 1980. Laana gani inayosubiri miaka 57?

Kuna jambo lilimkera binti yangu, nami likanifurahisha kwamba limemkera. "Mama, hawa wanaoshika majembe mbona hawasemi kitu?" Ni kweli. Anayesimulia ni mwanamke wa Kiingereza wa karne ya 19, na mara nyingine anawazungumzia Wamisri kama watoto wa kuongozwa. Mwandishi anamcheka Amelia kwa chini chini, ila kicheko hicho msomaji wa miaka kumi na minne anaweza kukikosa, kwa hiyo kaa naye mkizungumze. Mwenye sauti mapema ni msimamizi wa wachimbaji, Abdullah, ambaye cheo chake ni reis. Ni neno lile lile letu la rais, ila kule ni mkuu wa kikosi cha vibarua. Amelia naye wanamwita Sitt Hakim, bibi tabibu. Binti yangu alidhani ni hakimu wa mahakamani, na ukimsoma Amelia anavyotoa hukumu kwa kila mtu, dhana hiyo si mbaya.

Historia ya kweli ina mambo makubwa kuliko riwaya. Mwaka 1881 wakuu wa mambo ya kale waligundua kwamba vitu vya kifalme vinavyouzwa kwa siri Luxor vinatoka kwa familia moja ya kijiji cha jirani, ukoo wa Abd el-Rassul. Ahmed, mmoja wa ndugu hao, alikamatwa na kupigwa, hakusema. Kilichovunja siri ni ugomvi wa nyumbani. Ndugu walipogombana juu ya mgawo, Mohammed alikwenda mwenyewe kutoa taarifa. Akawaonyesha shimo lililokuwa na maiti za wafalme, akiwemo Ramses wa Pili. Wapelelezi wote na viboko vyote havikufanya kazi iliyofanywa na kaka mmoja aliyeona amepunjwa.

Baadaye kwenye mfululizo Wamisri wanapata nafasi zaidi. Katika kitabu cha kumi, David, mjukuu wa Abdullah, na Lia, mpwa wa Emerson, wanataka kuoana. Amelia, ambaye vitabu tisa vyote amejiona mtu asiye na ubaguzi, anajikuta anapinga, na analazimika kujiuliza kwa nini. Mimi nilisoma sehemu ile nikakumbuka maneno niliyowahi kuyasema kuhusu mchumba wa mdogo wangu, na kabila lake. Tuyaache.

Lakini kilichonifanya niandike wiki hii ni kitabu cha pili, The Curse of the Pharaohs. Amelia na Emerson sasa wana mtoto wa kiume wanayemwita Ramses, ana akili za mzee na mikono michafu. Anaingia sebuleni mama yake akiwa na wageni wa chai, kashika mfupa aliofukua. Kwa ajili yake wazazi wamekaa Uingereza miaka kadhaa bila kuchimba, na Amelia anakaribia kuchanganyikiwa kwa vikao vya chai. Inapotokea nafasi ya kwenda Luxor kumalizia kaburi ambalo mwenyewe amekufa ghafla, wanamwacha Ramses kwa baba yake mdogo na kuondoka. Amelia hafichi furaha yake.

Tulikuwa jikoni, mimi nachambua mchele. Binti yangu akasema, "Huyu mama kamwacha mtoto na wala hajuti." Akanyamaza kidogo. "Mama, ulivyoniacha kwa bibi, na wewe ulikuwa unafurahi?"

Alikuwa na miaka minne. Nilihamishiwa mkoa mwingine, nyumba ya kupanga ilikuwa chumba kimoja, msichana wa kazi sikuwa na uwezo naye. Alikaa Morogoro kwa bibi yake miaka mitatu. Maelezo hayo ninayo kichwani siku zote, yamepangwa kama risiti, nikaanza kuyatoa: kazi, kodi, ada.

"Hilo najua," akasema. "Nimeuliza kama ulikuwa unafurahi."

Nikaacha mchele. Nikamwambia kuna siku nililia kwenye daladala. Na kuna siku nilirudi kutoka kazini, nikavua viatu, nikala chipsi kitandani, nikalala saa mbili, na nilifurahi sana. Sijawahi kumwambia mtu yeyote hilo, hata baba yake.

Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, "Mimi pia sikuwa nalia kila siku. Bibi alikuwa ananipikia mkate wa kumimina. Ila ulikuwa ukipiga simu unauliza madaftari tu."

Hapo ndipo nilipokumbuka Mmisri mwingine. Jina lake Heqanakht, aliishi miaka kama 4,000 iliyopita, na barua zake zilizoandikwa kwenye mafunjo zilichimbuliwa karibu na Luxor katika msimu wa 1921 na 1922. Alikuwa baba aliye mbali na nyumbani. Barua zake zimejaa shayiri: nani apewe kiasi gani, shamba lipi likodiwe, nani mvivu. Anawakumbusha kwamba wanakula kwa jasho lake. Mwanawe mdogo anamdekeza waziwazi, na anafoka kwamba mke wake mpya ananyanyaswa na watu wa nyumbani. Agatha Christie, ambaye mumewe alikuwa mwanaakiolojia, alizitumia barua hizo kujenga riwaya yake Death Comes as the End ya mwaka 1944: mzee anarudi na mke mdogo, na vifo vinaanza ndani ya ua. Ukitaka kitabu kimoja tu cha Misri usome na kijana wako, anza na hicho. Ni kifupi, na kila mtu ndani yake utafikiri umekutana naye msibani.

Shayiri yangu mimi ilikuwa madaftari.

Sasa mambo ambayo mzazi atataka kuyajua kabla ya kununua. Vitabu vyote ni vya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni cha kizamani kidogo, kwa hiyo mtoto awe amezoea kusoma. Watu wanauawa, ila damu haimwagwi kurasani. Amelia na mumewe wanapendana sana na hawajifichi, ingawa mlango hufungwa kwa wakati. Wanakunywa pombe jioni. Emerson anadharau dini zote bila kuchagua, na kama nyumbani kwako hilo ni zito, zungumzeni mapema. Mimi nasema kuanzia miaka 13 au 14, na usome cha kwanza wewe. Vifuate kwa mpangilio, maana Ramses anakua kitabu hadi kitabu, na ukirukia mbele utampoteza.

Tatizo letu sasa ni hilo. Kitabu cha tatu ndicho Ramses anachochukuliwa kwenda Misri pamoja na wazazi wake, na muuza vitabu wetu anacho cha saba na cha kumi na mbili tu. Binti yangu amemwachia namba yangu ya simu. Jana jioni alipiga, nikiwa kikaoni, nikapokea.