Kirangozi na Wakala wa Mwenye Mali



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili alinifuata kijana mmoja wa parokia yetu, mhasibu kwa taaluma, aliyeajiriwa na kampuni kubwa yenye makao makuu ng'ambo. Jina la kampuni naliacha. Hakuja kulalamikia mshahara. Alisema, "Padre, katika miaka sita nimewafundisha kazi wakubwa watatu kutoka nje. Kila mmoja alipoizoea kazi aliondoka, nami nikaanza upya na mwingine."

Nimelitafakari neno hilo juma zima, na kwa sisi watu wa Tabora si neno geni. Mji wetu ulikua juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Katika Unyanyembe ya karne ya kumi na tisa palikuwa na watu wawili ambao msafara haukuweza kuwakosa. Wa kwanza ni kirangozi, mara nyingi Mnyamwezi, aliyewatangulia wapagazi, akijua maji yako wapi na ni mtemi yupi anayedai hongo. Wa pili ni wakala wa mwenye mali. Bidhaa zilitoka Zanzibar kwa mali kauli: matajiri wa kule, wengi wao Wahindi, walikopesha nguo, shanga na nyaya za shaba, wakingoja kulipwa kwa pembe za ndovu. (Tusisahau kwamba wanadamu nao waliuzwa katika njia hiyo hiyo.) Sultani naye alikuwa na mtu wake. Stanley alipofika hapa mwaka 1871 alimkuta Said bin Salim akiwa liwali. Huyo hakuletwa kwa sababu Wanyamwezi hawakuijua njia. Aliletwa kwa sababu Zanzibar ilimwamini.

Kampuni za kimataifa zinapompeleka mtumishi katika tawi lao la nchi nyingine, sababu huwa zaidi ya moja. Mara nyingine ujuzi haupo kweli. Mgodi wa Golden Pride kule Nzega, uliomilikiwa na kampuni ya Resolute ya Australia, ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, uchimbaji mkubwa wa kisasa wa dhahabu ulikuwa jambo jipya kwetu, na sioni ni nani angeweza kusema kwa haki kwamba wageni hawakuhitajika. Mgodi ule ulifungwa mwaka 2014. Lakini mara nyingine mgeni ni jicho la makao makuu: anaijua lugha ya ofisi kuu, simu yake hupokelewa, na sahihi yake haihojiwi. Hilo nalo si dhambi, maana mwenye mali ana haki ya kuwa na mtu wake. Kosa, kwa maoni yangu, ni kuivika sababu ya pili vazi la ile ya kwanza.

Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumwandaa raia atakayeipokea kazi ya mgeni. Ni sheria njema, lakini inadhani kwamba kinachokosekana ni ujuzi. Kijana wetu amekwisha kujifunza. Anachokosa ni sahihi: malipo yakipita kiasi fulani, hana budi kumngoja mgeni ayaidhinishe, hata kama mgeni huyo ameshuka kwenye ndege juzi. Kuaminiwa hakupatikani katika semina ya siku tatu. Mwenye nacho ndiye anayeamua kukitoa.

Jambo hili halitaondoka mkoani kwetu. Kule Sojo, wilayani Nzega, kilijengwa kiwanda cha kuyavika mabomba utando wa kuhifadhi joto, kwa ajili ya bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Katika mradi huo TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa asilimia 62, na shirika letu la TPDC asilimia 15. Tumezoea kuuliza ni vijana wangapi wa Nzega wamepata kibarua. Mimi ningependa tuulize pia ni wangapi wanaoweka sahihi.

Hata hivyo, Kanisa lisiwe jepesi kunyosha kidole. Wamisionari wa Afrika walifika Tabora mwaka 1878. Kardinali Lavigerie aliwaagiza wajifunze lugha za watu, nao walijifunza, na wengine wao wamelala katika udongo wa nchi hii. Lakini Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Tabora, Marko Mihayo, aliteuliwa mwaka 1960. Ni miaka 82! Mapadre Waafrika walikuwapo miongo mingi kabla ya hapo, wamesoma falsafa na teolojia na Kilatini chao hakina kasoro. Hatuwezi kusema kwamba muda huo wote kilichopungua kilikuwa ujuzi.

Nilimwambia kijana aombe kwa maandishi kupewa mamlaka ya kuidhinisha malipo, hata kwa kiasi kidogo, na tuliiandika barua pamoja katika ofisi ya parokia. Bado hajajibiwa. Juzi alipita tena: mkubwa wa nne anawasili Jumatatu, naye alikuja kuazima kitabu cha kumfundishia Kiswahili.