Hukumu bila karatasi si hukumu: fungueni madaftari ya korti za Masisi na Walikale

Tunauliza swali moja tu, na jibu tunalitaka kwa maandishi.

Katika teritware ya Masisi na ile ya Walikale, ni dereva gani amehukumiwa kwa kuua mtu akiwa amelewa? Tupeni namba ya kesi, tarehe, tribinali na adhabu. Mutuonyeshe karatasi moja. Moja tu!

Vijana wenzetu, nyinyi wote muliopanda ile barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi munajua tunachosema. Fuso imejaa makala, mbao na maharagwe, na juu ya mzigo watu wamekaa. Dereva anasimama kwanza kwa mama wa kasiksi, "kidogo tu, juu ya baridi." Motari ana chupa ya sapilo ndani ya koti. Jeep ya mwenye kombati inapita katikati ya soko kama vile njia ni ya baba yake. Kisha iko kona, iko matope, iko shimo. Mtu anakufa. Jioni watu wanalia, kesho yake wanazika, na wiki ifuatayo Fuso ile ile iko barabarani na dereva yule yule.

Mwenzetu mmoja alimpoteza mama yake hivyo, mwaka 2022. Mama alikuwa anatoka sokoni na beseni kichwani. Watu waliomtoa dereva kwenye usukani walisema alikuwa ananuka pombe, hata kusimama hakuweza. Tulienda pamoja naye kutafuta dosie. Ofisi ya kwanza ikatuambia: "Siku hizi kesi za penal ziko kwa wanajeshi, muende kule." Kule wakatuuliza: "Namba ya dosie iko wapi?" Tukajibu kwamba ni hiyo namba tuliyokuja kutafuta. Wakasema: "Mukuje kesho. Na mukuje na kitu ya karatasi." Tulirudi mara nne. Karatasi pekee ambayo familia iko nayo mpaka leo ni ile ya mapatano iliyoandikwa kwa bic mbele ya chefu: mbuzi wawili na pesa ya sanduku. Maisha ya mama mzima, mistari sita.

Hiyo munaita haki? Sisi tunaiita bei.

Na msituambie kwamba sheria hakuna. Sheria iko, tena tuliisoma miaka mitano chuoni. Kodi ya Penal, kifungu cha 53, inasema anayeua mtu bila kukusudia afungwe miezi 3 hadi miaka 2, na alipe amande. Kodi ya barabara iko tangu 30 Agosti 1978. Sheria ya 11 Aprili 2013 juu ya mpangilio wa korti inaipa tribinali ya amani makosa ambayo kifungo chake hakipiti miaka 5. Maana yake kesi ya dereva mlevi inapaswa kusikilizwa karibu na watu waliozika, si mbali na kwao. Katiba ya 2006 nayo, kifungu cha 20, inasema korti inakaa hadharani. Kifungu cha 21 kinasema kila hukumu iandikwe, itolewe sababu zake, na isomwe mbele ya watu. Kifungu cha 149 kinasema haki inatolewa kwa jina la raia. Kwa jina letu! Sasa kitu kinachofanywa kwa jina letu, kwa nini tukitafute kama wezi?

Tangu 6 Mei 2021, hali ya dharura ilipoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri, kesi za penal za raia zilipelekwa kwa korti za kijeshi. Walituambia ni juu ya usalama. Lakini muulize mjane wa Walikale: apande moto siku ngapi, apite barieri ngapi, alale wapi, ili aulize tu kama dosie ya bwana yake imefunguliwa? Kwa mtu kama huyo, korti iliyo mbali ni sawa na korti iliyofungwa.

Wakubwa watatuambia: "Nyinyi vijana, kule ni vita, watu wanachinjwa, na nyinyi munakuja na maneno ya madereva na pombe?" Jibu letu ni hili. Mkono uliozoea kulipa mbuzi kwa mtu aliyegongwa, kesho utalipa ng'ombe kwa mtu aliyepigwa risasi. Kutokuadhibiwa hakuanzi kwa jenerali. Kunaanza kwa dereva wa Fuso anayejua kwamba daftari halitafunguliwa.

Na tusidanganyane kwamba kule hakuna anayejua kuandika. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu barieri 798 katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Ukilipa kwenye nyingi za barieri hizo unapewa kikaratasi. Hata makundi yenye silaha yamewauzia raia wa Masisi na Walikale jetoni, na ole wako wakikukuta huna yako. Yaani mwenye bunduki msituni anajua kuweka hesabu ya nani amelipa na nani bado, lakini taifa halijui kuweka hesabu ya nani ameua na nani amehukumiwa? Haya. Pesa inaandikwa, damu haiandikwi.

Tena tuna mfano wa kwetu unaoonyesha nguvu ya karatasi. Kuanzia 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, Walikale, kwenye vijiji 13 vya upande wa Luvungi, wapiganaji walibaka watu wasiopungua 387. Hati ya kumkamata Ntabo Ntaberi Sheka ilitoka Januari 2011. Mwaka ule ule yeye akajitokeza kuwa mgombea ubunge, hadharani, kama vile hakuna kitu. Watu walicheka ile hati. Lakini karatasi haichoki. Ilimngoja. Julai 2017 alijisalimisha, na tarehe 23 Novemba 2020 korti ya kijeshi ya Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Ilichukua miaka kumi, ndiyo, na miaka kumi ni aibu. Lakini kama mama wa Luvungi hawakusema, na kama hakuna aliyeandika walichosema, tungekuwa na nini leo? Masimulizi tu.

Ile kesi dunia nzima iliitazama. Sisi tunataka kesi isiyotazamwa na mtu nayo iandikwe.

Na haraka iko. Januari 2025 vita ilichukua Masisi-centre, kisha Goma. Machi ikafika Walikale-centre. Mahakimu wakakimbia. Daftari moja, nakala moja, kabati moja, kwenye njia ya vita: siku kabati linawaka moto, kesi za watu zinakufa mara ya pili. Na tuseme wazi, ili mtu asitutumie: hatuombi kundi lolote lenye silaha lituandikie hukumu. Anayeshika mji kwa bunduki si hakimu. Tunachodai, tunakidai kwa taifa, kwa Wizara ya Sheria na kwa Baraza Kuu la Mahakimu:

1. Kila daftari la korti za Masisi na Walikale lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala iwekwe nje ya teritware. Simu inatosha, msituambie mpaka mfadhili atoke Ulaya.

2. Kila miezi mitatu itoke orodha ya kesi za barabara: namba, tarehe, kosa, adhabu. Majina ya waliogongwa yafichwe. Ibandikwe ukutani, isomwe kwenye redio za kwetu, kwa lugha ambayo mama wa soko anasikia.

3. Familia ya marehemu ipewe nakala ya kwanza bure. Bila "kitu ya karatasi", bila matabishi.

4. Usalama ukiruhusu, korti ya kutembea ifike Nyabiondo, Mweso, Mubi, Pinga. Wanaolia ndio wanapaswa kuona hakimu, si wenye gari peke yao.

5. Dereva mwenye kombati aandikwe kama dereva mwingine. Kesi yake iko kwa korti ya kijeshi, sawa, lakini orodha iwe moja.

Munasema grefu hazina watu? Wako hapa! Tuko na diploma za droit, tunakaa mbele ya mlango tukiuza vocha. Tupeni kalamu na kiapo, tutanakili hayo madaftari.

Wakati tunangoja, wandugu, tuanze na kilicho mikononi mwetu. Ajali ikitokea kwenu, andikeni siku, saa, mahali, namba ya gari, na nani aliona. Andikeni nakala mbili, moja ibaki kwa familia. Ombeni namba ya dosie siku ile ile, na mukinyimwa, andikeni jina la ofisi iliyowanyima. Lakini musitupe majina mtandaoni, na musimpige dereva wala kuchoma gari lake. Tukichoma, nasi tumehukumu bila karatasi, na hatutakuwa tofauti na wale tunaowashtaki.

Mwenzetu bado anaweka ile mistari sita ndani ya Biblia ya mama yake. Haiko na muhuri, haiko na namba. Tutaendelea kuuliza namba mpaka ipatikane.