Daktari wa meno anasomea moyo wa nini?

Mwanafunzi wa udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili husoma miaka 5. Kabla ya kushika koleo hujifunza fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi. Jino na moyo vinahusiana vipi?

Sindano ya ganzi mara nyingi huwa na adrenalini, inayoweza kuongeza mapigo ya moyo. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu kwa muda mrefu.

Ndiyo maana tunasema mng'oa meno wa mtaani ni hatari hata akiwa na bei nafuu: analijua jino, haujui mwili. Msikilizaji, ukifika kliniki, taja magonjwa na dawa zako zote kabla ya kuchomwa sindano.