Jagina wa Kukodi na Jagina wa Mfukoni

 Nina deni, na wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Leo nalilipa hapa katika jarida la chama chetu.

Muhula uliopita tulikuwa na mjadala. Hoja ilikuwa kwamba michezo ya kompyuta inawapotosha vijana. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Basi katikati ya mjadala, mvulana mmoja wa upande wa kuunga mkono akasimama, akaniuliza mbele ya umati wote: "Dada mpinzani, wewe mwenyewe umewahi kucheza gemu gani?" Nikababaika. Nikajibu kwa sauti ya mbu kwamba nyumbani tuna Brick Game. Loo! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mwalimu mlezi alificha uso kwa daftari. Tulishindwa, tena vibaya. Siku hiyo nikaapa kwamba nitacheza gemu ya kisasa kisha niandike maoni yangu nikiwa na ushahidi. Nimefanya hivyo. Lakini nakutahadharisha mapema kwamba sikurudi na jibu nililokuwa nikilitafuta.

Binamu yangu anafanya kazi katika saiba moja mtaani. Nilipomweleza shida yangu, alinionyesha gemu inayoitwa City of Heroes. Si gemu mpya. Ilitoka Marekani mwaka 2004, mimi sijazaliwa, na kwa sababu ni kuukuu, inakubali kucheza hata kwenye kompyuta zilizochoka kama zile za saiba yao. Unaunda jagina wako mwenyewe, unamchagulia mwili, mavazi, jina na nguvu za kiajabu, kisha unaingia katika mji uitwao Paragon City. Humo hamna wewe peke yako. Wale majagina unaowaona wakikatiza angani ni watu halisi walio kwenye kompyuta zao, huko waliko duniani.

Mimi jagina wangu nilimwita Mekatilili. Nilifikiri, kama Wamarekani wana majagina wao wa kuvaa kaptura juu ya suruali, mbona mimi nisimpeleke Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913 na 1914? Nikamvika nguo nyekundu. Nikampa kazi ya kuwakinga na kuwatibu wenzake vitani.

Sasa ngoja nikwambie yaliyonipendeza, manake yapo. Jambo la kwanza ni kwamba katika gemu hii kila jagina ana kazi yake kikosini. Yuko wa kupokea mapigo ili wenzake wasiumie, yuko wa kurusha moto kutoka mbali, yuko wa kupigana ana kwa ana, yuko wa kuwafunga maadui wasitikisike, na tuko sisi wa kutibu. Mkishirikiana, kazi huwa nyepesi. Kweli kidole kimoja hakivunji chawa, na nilijifunza methali hii upya mbele ya kioo cha kompyuta.

La pili ndilo lililonigusa zaidi. Mimi nilikuwa mgeni, sijui kitu, nagonga kuta. Mara akaja jagina wa kiwango cha juu kabisa, nisiyemjua hata kwa sura, akanialika katika kikosi chake. Gemu ina mpango wake: mdogo akiingia kikosi cha mkubwa, hupandishwa kiwango hadi karibu na yule mkubwa ili waweze kupigana bega kwa bega. Hakunicheka. Hakunituma maji. Nikajiuliza, hivi ni lini mwanafunzi wa kidato cha nne hapa kwetu alimwita wa kidato cha kwanza akamwambia, "Njoo, nitakupandisha mpaka nilipo"? Sisi mkubwa akimwita mdogo, mdogo huanza kutafuta pa kujificha. Wanaosema gemu hazina mafunzo waje waniambie hili ni nini.

Lakini wapi! Kila chenye utamu kina mwiba wake.

Gemu yenyewe siku hizi ni ya bure, ila kiti cha saiba si cha bure. Kwao ni shilingi moja kwa dakika. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na pesa ninayoishika ni nauli tu: shilingi ishirini asubuhi, ishirini jioni. Nikafanya hesabu ambayo natamani ningeifanya vizuri hivyo katika mtihani. Nikitembea siku kumi za masomo nitapata shilingi mia nne, yaani dakika mia nne, nizigawe kwa Jumamosi mbili. Nikatembea. Dakika hamsini kwenda, hamsini kurudi, majuma mawili. Nyumbani niliaga mapema nikasema nina kazi ya kikundi. Darasani nilikuwa nasinzia kuanzia kipindi cha pili.

Mama yangu huuza mitumba sokoni. Jioni moja alichukua viatu vyangu avipake rangi, akavigeuza, akavitazama sana. Kisha akaniita. "Mwanangu, soli hii imeliwa na nini? Matatu za siku hizi hazina sakafu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia yote.

Nilitarajia kiboko, nikapata maneno, na afadhali ingekuwa kiboko. Alisema: "Kucheza sikukatazi. Lakini ile nauli nilikupa ufike shule ukiwa na nguvu. Hizo nguvu umezipeleka wapi?"

Msomaji, sikuwa na la kujibu. Nguvu zangu zilikuwa Paragon City, zikiwatibu watu wasiougua. Fundi wa viatu alitaka shilingi mia moja hamsini kubandika soli mpya, na Mama akazitoa. Usiku huo nilimkumbuka Mekatilili wa kweli. Waingereza walipomkamata walimpeleka uhamishoni huku magharibi mwa nchi, mbali na kwao, naye akatoroka akarejea Giriama, na masimulizi yanasema alirejea kwa miguu. Yeye alitembea kwa ajili ya watu wake. Mimi nilitembea kwa ajili ya kiti cha saiba. Jina nililikopa, mwendo sikuukopa.

Tena kuna jambo jingine alilonisimulia binamu, nami naliona zito. Mwaka 2012 kampuni iliyokuwa ikimiliki City of Heroes, NCsoft, iliamua kuifunga. Tangazo lilitolewa mwishoni mwa Agosti, na tarehe 30 Novemba mwaka huohuo mji ukazimwa. Wachezaji walikuwa wamekusanyika humo ndani, majagina wao wameshika mienge, wakiomba mji wao usizimwe. Haikusaidia. Watu waliokuwa wamemlea jagina mmoja miaka minane walibaki na kioo cheusi. Gemu ilirudi mwaka 2019 kwa juhudi za wapenzi wake, na Januari 2024 ndipo wale wa Homecoming, walioiendesha kwa kujitolea, walipopewa leseni rasmi. Lakini majagina wale wa zamani hawakurudi. Ilibidi watu waanze upya.

Katika somo la fasihi simulizi tunafundishwa kwamba kila jagina ana siri ya kufa kwake. Fumo Liyongo hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Lwanda Magere mwili wake ulikuwa jiwe, lakini uhai wake ulikuwa kivulini. Basi mimi nasema jagina wa mtandaoni naye ana sindano yake: ni swichi iliyo katika ofisi ya watu usiowajua. Wakiibonyeza, kwisha. Hukumiliki kitu, ulikodi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Sasa turudi kwa ile Brick Game iliyonifanya nichekwe.

Ni ya mjomba. Aliinunua akiwa kijana, na alipohama akatuachia. Ni ya kijivu, kibonyezo kimoja kimepotea tukaweka kipande cha kifutio. Hutumia betri mbili ndogo kama zile za saa ya ukutani. Haina rangi, haina intaneti, haina jagina. Ni vitofali tu vinashuka na wewe unavipanga, mchezo ulioigwa kutoka kwa Tetris, ambao ulibuniwa mjini Moscow miaka ya 1980 na Alexey Pajitnov. Lakini tangu nizaliwe haijawahi kuniomba bando wala nywila. Stima zikipotea, ndipo inapong'ara. Tunakaa chini karibu na mshumaa, ndugu yangu mdogo anacheza, akishindwa anampa anayefuata. Hakuna kubishana, manake vitofali vikifika juu kila mtu ameona. Na bingwa wetu nani? Ni Mama. Alama zake tumeziandika ukutani kwa penseli, na tangu mwaka juzi hakuna aliyezifikia.

Usidhani ni umaskini tu unaonisemesha. Hata wakubwa wa dunia waliliona hili. Nintendo ilipotoa Game Boy mwaka 1989, kioo chake hakikuwa na rangi wala mwanga. Mtu aliyekiongoza kikundi cha kuiunda, Gunpei Yokoi, alipenda kutumia vifaa vilivyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha avibunie matumizi mapya. Mwaka uliofuata kampuni ya Sega ikaleta Game Gear yenye rangi za kupendeza. Ilikula betri sita kwa saa chache, ilhali Game Boy ilitumia nne kwa saa nyingi. Nani alishinda? Game Boy pamoja na mdogo wake wa rangi aliyetoka 1998 waliuzwa zaidi ya milioni 118. Polepole ndio mwendo.

Hata hivyo, nisiwe kama yule asifiaye mvua akiwa chini ya paa. Gemu za mkononi nazo zina ubaya wake. Unaweza kuinama juu ya kile kijikioo mpaka ukasahau kuna watu chumbani. Na za siku hizi nyingi zinaelekea kulekule kwa kukodi. Machi 2023 Nintendo yenyewe ilifunga mauzo katika duka lake la mtandaoni la 3DS. Aliyekuwa na kaseti mkononi anaendelea kucheza kama kawaida, lakini aliyetaka kununua gemu zilizouzwa humo tu alifika akakuta mlango umefungwa.

Je, basi michezo ya kompyuta inawapotosha vijana? Ningesimama tena katika mjadala ule ningesema hivi. Gemu haikunipotosha. Gemu haikuniambia nimdanganye mama yangu. Uongo ule niliutunga mimi na miguu yangu ikaubeba. Lakini gemu inayolipiwa kwa dakika ina njia ya kukufanya uhesabu kila kitu kwa dakika, hata nauli, hata usingizi, hata jasho la mzazi. Hapo ndipo pa kuwa macho. Wenzangu wa kutwa, tunajuana. Sisi ndio tunaopita mbele ya vile vibanda vya gemu kila jioni na nauli mfukoni. Wenzetu wa bweni wanafungiwa geti, sisi geti letu ni akili yetu.

Kwa walimu na wazazi, ombi langu ni moja, na nalitoa kwa heshima: msitukataze bila kutuuliza tunacheza nini na tunalipa na nini. Swali lile la pili ndilo Mama aliloniuliza, na limenifunza zaidi ya marufuku kumi.

Na kwa wanachama wenzangu wa Kiswahili, nina changamoto. Katika saa zile sita na dakika arubaini nilizocheza, sikukutana na neno hata moja la Kiswahili isipokuwa jina nililoliandika mimi mwenyewe. Tutalalamika mpaka lini kwamba vijana wanaabudu majagina wa ng'ambo? Liyongo yupo. Lwanda Magere yupo. Mekatilili yupo. Tuna maabara ya kompyuta, na kuna programu ya bure iitwayo Scratch, ambayo hata maelezo yake yanapatikana kwa Kiswahili, inayomwezesha mwanafunzi kuunda gemu ndogo yake mwenyewe. Napendekeza mwakani chama chetu kiunde moja. Iwe fupi, iwe ya kwetu, ikae kwenye kompyuta zetu bila kutegemea swichi ya mtu. Mekatilili anatoka Kisii, anatembea kwenda Giriama, na mchezaji amsaidie kufika. Usione vyaelea, vimeundwa, na walioviunda walianza mahali.

Mimi nauli yangu sasa napanda matatu. City of Heroes sijaiacha kabisa. Binamu ameniahidi saa moja kila likizo, na Mama anajua. Mekatilili wangu ananingoja huko angani, kama hawajabonyeza.

Na yule mvulana aliyenichekesha ukumbini, namwalika nyumbani siku stima zitakapopotea. Aje ajaribu kuzifikia alama za Mama.

Na mwanachama, Kidato cha Tatu