Mnamwamini na fedha, mnamnyima kuchagua kompyuta

UKIPITA asubuhi barabara ya Makere kuelekea Nyarugusu, wilayani Kasulu, msimu wa kulima unapoanza, utakutana na vibarua wakienda mashambani. Kila mmoja ana jembe lake begani. Mwenye shamba hawapi majembe. Anawaonyesha mipaka ya vipande, wanapatana bei, kazi inaanza.

Sababu yake inajulikana. Mpini wa jembe hukatwa kwa kimo cha mwenyewe. Mpe mtu mrefu jembe la mtu mfupi, jioni atakulalamikia mgongo na kipande hakijaisha. Sijawahi kumsikia mwenye shamba akisema majembe yote lazima ayanunue yeye, ya aina moja, ili vitabu vyake vya hesabu vikae vizuri.

Sasa ingia kwenye ofisi za mashirika makubwa yanayohudumia kambi za wakimbizi katika wilaya za Kasulu na Kibondo. Huko mambo ni kinyume kabisa. Mhasibu, afisa wa maji, muuguzi mkuu, mtunza bohari, wote wanapewa kompyuta mpakato ya aina moja, iliyochaguliwa na mtu aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya, ambaye pengine vumbi jekundu la Kasulu hajawahi kuliona hata kwenye picha.

Naandika haya kama fundi. Kwa miaka kadhaa nimetengeneza kompyuta Kasulu mjini, na sehemu kubwa ya wateja wangu ni watumishi wa kambini. Kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba kompyuta zikiharibika mimi napata riziki. Hata hivyo, zipo njia za kupata riziki ambazo hazimpi mtu usingizi mzuri.

Siku moja alifika dada mmoja, mhasibu wa shirika ambalo jina lake nitalihifadhi. Begi lake lilikuwa na kompyuta mbili.

“Dada, mbona mbili?” nikamuuliza.

“Hii ya ofisi ni ya kuonyesha, fundi. Kazi naifanya kwenye hii yangu.”

Nikazitazama. Ile ya ofisi ilikuwa nyembamba na nzuri kwa macho, lakini skrini yake ndogo na kibodi haina zile tarakimu za pembeni ambazo mhasibu hawezi kufanya kazi bila hizo. Betri ilikuwa inakata baada ya saa moja na nusu. Jenereta la ofisi likizimwa jioni, naye kazi imekwisha, iwe ni mwisho wa mwezi au la. Ya kwake aliinunua kwa mkopo, mtumba kutoka Kariakoo, nzito kama tofali, ila skrini pana na betri mbili, moja ya akiba.

Basi utaratibu wake ulikuwa huu. Usiku anafanya hesabu kwenye ya kwake. Asubuhi anahamisha mafaili kwa fleshi kwenda kwenye ya ofisi, na kutoka hapo yanatumwa makao makuu. Huko makao makuu wanaona kompyuta yao inafanya kazi safi, namba ya mali imebandikwa, taarifa zinafika kwa wakati.

Kilichomleta kwangu ni hiyo fleshi. Ilikuwa imejaa virusi. Nilipoifungua niisafishe nikakuta majedwali ya malipo, na pamoja nayo orodha ndefu za familia: majina, umri wa watoto, namba za kadi za mgao, mahali walikotoka. Fleshi hiyo alikuwa ameifunga kwenye kishikio cha funguo, anapanda nayo bodaboda kila siku.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Lile shirika linaamini kwamba limewanyima wafanyakazi wake kuchagua kompyuta. Limejidanganya. Wafanyakazi wamekwisha kuchagua, tena siku nyingi, isipokuwa wamechagua kwa siri. Na kwa kuwa ni siri, kompyuta waliyoichagua haina kinga ya virusi inayolipiwa, haina neno la siri la maana, na shirika haliwezi kuifunga kwa mbali ikiibwa.

Kwingine hilo lingekuwa jambo la kuchekesha tu. Nyarugusu si pa kuchekesha. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita mashariki mwa Kongo. Mwaka 2015 Warundi wakamiminika baada ya machafuko ya kisiasa kwao, na idadi ya watu ikapita 150,000, ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Kibondo, kambi ya Nduta ikafunguliwa tena mwaka huo huo ili kuipunguzia mzigo. Miongoni mwa watu hao wamo waliokimbia kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye orodha ya mtu. Orodha ya majina kwao ina uzito ambao mimi na wewe hatuujui.

Isitoshe, kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Siku taarifa zikivuja, utetezi kwamba “sisi tulimpa kompyuta nyingine” sidhani kama utafika mbali, maana taarifa ni za shirika hata zikiwa zimelala kwenye kompyuta ya mtumishi.

Kampuni kubwa duniani zilikwisha kuliona tatizo hili. Mwaka 2008 kampuni ya Citrix ya Marekani iliamua kumpa mfanyakazi anayetaka dola 2,100 akanunue kompyuta anayoipenda, kwa sharti kwamba anunue na mkataba wa matengenezo wa miaka mitatu na aweke kinga ya virusi. Mwaka 2015 IBM, kampuni ambayo jina lake lilikuwa karibu sawa na neno kompyuta, ikawaruhusu wafanyakazi wake wachague kati ya kompyuta za Windows na Mac za kampuni ya Apple, ambaye zamani alikuwa mshindani wake mkubwa.

Matokeo ya IBM yaliwashangaza wahasibu. Mac ni ghali dukani. Lakini mwaka 2015 kampuni ilieleza kuwa waliochukua Mac waliohitaji msaada wa mafundi walikuwa asilimia 5, wakati kwa wale wa Windows ilikuwa asilimia 40. Mwaka uliofuata ikasema kila Mac inaokoa kati ya dola 273 na 543 katika miaka minne. Mtu anaweza kusema hiyo ni sifa ya Mac, si ya kuchagua. Ni kweli kwa sehemu. Lakini fundi yeyote atakwambia kwamba mtu anaitunza zaidi mashine aliyoichagua mwenyewe, na akikwama anajaribu kwanza kujikwamua kabla ya kumpigia mtu simu. Ile aliyopewa bila kuulizwa, ikikwama anaifunika na kwenda kunywa chai.

Nisieleweke vibaya. Sisemi Kasulu tulete Mac. Ikiharibika skrini tutaitazama tu. Kompyuta ya hapa inapaswa kuwa ya aina ambayo chaja, betri na kibodi vyake vinapatikana, na ambayo fundi ameizoea. Nakumbuka shirika moja lilileta kompyuta nzuri za kisasa ambazo chaja yake haikupatikana Kasulu, Kigoma wala Kahama. Ilipoungua chaja ya kwanza ikaagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Walipoona hivyo, wafanyakazi wakaanza kuazimana chaja kama majirani wanavyoazimana chumvi. Ilipoungua ya tano, ofisi nzima ikawa inafanya kazi kwa zamu.

Umeme nao una habari yake. Kabla gridi ya taifa haijaingia mkoani Kigoma mwaka 2022, miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na ofisi za kambini zilikuwa na ya kwao. Afisa anayeshinda kwenye vijiji vya kambi, akitoka nyumba hadi nyumba, hata leo anahitaji betri ya siku nzima na mashine nyepesi. Mhandisi wa maji anahitaji yenye nguvu ya kufungua michoro. Anayesikiliza kesi za akina mama waliodhulumiwa anahitaji skrini isiyosomeka kutoka pembeni. Hawa ni watu watatu wenye mashine tatu tofauti, na mtu aliyeko ofisi ya ununuzi mbali hawezi kuyajua haya kuliko wao.

Watu wa ununuzi wana hoja zao, nami sizidharau. Kununua kompyuta 300 za aina moja kunapunguza bei. Mkaguzi wa wafadhili akija anataka kuona namba ya kila mali na ankara yake. Programu zikiwa sawa, fundi mmoja anahudumia wengi. Yote ni kweli. Lakini hakuna hata moja linalovunjika ukiweka orodha ya aina nne au tano, zote zenye vipuri nchini, zote zikiwekewa programu za ulinzi na shirika lenyewe, kisha ukamwambia mfanyakazi achague mojawapo. Shirika linalipa, namba ya mali inabandikwa, mkaguzi anaridhika.

Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni ule ujanja wa mameneja wa kugeuza jambo hili kuwa “kila mtu aje na ya kwake.” Huko si kuchaguliana, huko ni kumtwisha mtumishi gharama za mwajiri. Meneja atakuja na mashine ya shilingi milioni tatu. Karani ataingia kwenye mkopo. Ikiibwa kwenye basi la Kibondo, ni hasara ya nani? Tena kuna kundi ambalo hata mkopo halipati. Kazi nyingi za kambini zinafanywa na wakimbizi wenyewe kwa posho ndogo: walimu, wahudumu wa afya, wakalimani, waandikishaji. Wao ndio wanaoingiza majina kwenye kompyuta kwa mikono yao. Ukisema kila mtu aje na ya kwake, hao umewafungia mlango. Ukisema watumishi wachague, waulize na wao, maana kompyuta wanayoitumia kwa zamu watu wanne ndiyo inayoharibika kuliko zote.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wazo hili si geni Nyarugusu. Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa kambi hiyo fedha badala ya mgao wa unga na maharage. Walianza watu 10,000, na hadi katikati ya 2017 walikuwa wamefika karibu 80,000. Hoja ilikuwa kwamba mama mwenye watoto anajua kuliko bohari nini kinahitajika kwenye chungu chake. Na waliofaidika hawakuwa wakimbizi peke yao, kwa sababu maharage, muhogo na dagaa waliokuwa wakinunua vilitoka kwa wakulima na wachuuzi wa hapa hapa. Serikali iliusimamisha mpango huo mwaka huo huo wa 2017, na mjadala wake ni makala nyingine.

Lakini fikirini. Mtumishi wa misaada alikuwa akisimama mbele ya wageni na kueleza, kwa takwimu, kwamba mkimbizi asiye na chochote anaweza kuaminiwa kuchagua matumizi ya fedha anayopewa. Kisha anarudi ofisini, anafungua kompyuta ambayo hakuulizwa, kibodi yake haifai, anaizima, anatoa ya kwake kwenye begi. Mhasibu anayeaminiwa kuandika hundi ya mamilioni haaminiwi kuchagua ukubwa wa skrini!

Yule dada mhasibu mkataba wake haukuongezwa. Mwaka 2025, baada ya Marekani kusitisha sehemu kubwa ya misaada yake, mashirika mengi duniani yalipunguza watu, na wa kwetu hawakupona. Alirudisha kompyuta ya ofisi, akasainiwa fomu, akaondoka.

Wiki kadhaa baadaye akaniletea ile yake nzito. Alitaka niipunguzie mafaili imsaidie kuanza biashara ya kuchapa barua na kutoa nakala. Nilipoifungua nikakuta folda za shirika bado zimo, miaka yote, na zile orodha za familia.

“Nizifute, dada?”

“Ngoja kwanza niwaulize wenyewe.”

Akapiga simu ofisini nikiwa nimesimama pale. Aliyepokea akamwomba asubiri, akaenda kutazama daftari, akarudi. Akamjibu kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zao, yeye kompyuta alisharudisha.