Bukoba na Muleba: Mita 60 za mto zinazokula ekari moja na nusu ya familia

Mei 2024, Mto Kanoni ulifurika na maji yakaingia kwenye makazi ya watu Manispaa ya Bukoba. Tangu hapo, kila mawingu yakijikusanya upande wa ziwa, wakazi wa bondeni wanalala jicho moja likiwa mtoni.

Jibu la mjini huwa linajulikana: katapila, kuzibua, kujenga kingo. Ni kazi ya lazima, hakuna anayebisha. Lakini Kanoni ni mto mfupi. Maji yanayoingia sebuleni kwa mtu usiku huu, saa chache nyuma yalikuwa juu ya vilima vinavyouzunguka mji. Ndiyo maana miaka ya karibuni maneno yamekuwa mengi kuhusu kurudisha uoto wa asili kandokando ya mito, na vikundi vya vijana, shule na makanisa vimekuwa vikishika miche na majembe.

Swali ni moja: miche hiyo inapandwa kwenye ardhi ya nani?

Hesabu ndogo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Sheria ya maji ya 2009 nayo inataja mita hizohizo 60.

Sasa chukua familia yenye kibanja kinachopakana na mto kwa urefu wa mita 100 tu. Mita 60 kwa 100 ni mita za mraba 6,000. Hiyo ni ekari moja na nusu. Kwa wilaya kama Bukoba Vijijini na Muleba, ambako vibanja vya familia nyingi havifiki hekta moja, kuna watu ambao sheria ikitekelezwa kama ilivyoandikwa, wanabaki na nyumba na migomba michache.

Sheria inasema usilime. Haisemi utakula nini.

Hapo ndipo hoja ya "wananchi wanaharibu vyanzo vya maji" inapoanza kulegea. Wanaharibu, ndiyo. Lakini bonde ndilo linalolimika kiangazi, Juni hadi Agosti, juu kukiwa kumekauka. Mboga, maharage na viazi vya miezi hiyo vinatoka hukohuko kwenye majimaji.

Mkaratusi ni benki

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa mti mmoja. Mkaratusi unakunywa maji mengi na ukipandwa kwa wingi bondeni unakausha chemchemi. Hilo linajulikana hadi vijijini. Kwa nini basi bado upo?

Kwa sababu ni hela. Unatoa milunda, kuni na mbao ndani ya miaka michache, na ukiukata unachipua tena kwenye kisiki bila kupanda upya. Ada ya shule ikibana, unauza miti kumi. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipobainika Muleba na kusambaa Kagera, kuna familia zilizolazimika kung'oa migomba yote iliyougua. Ukichanganya na bei ya kahawa isiyotabirika, si vigumu kuelewa kwa nini mtu anaamini mti usiohitaji palizi.

Kwa hiyo amri ya "kateni mikaratusi kwenye vyanzo vya maji" ikitolewa, kukata kwenyewe si tatizo. Mwenye shamba anakata, anauza, anasubiri kisiki kichipue. Kung'oa kisiki ndiyo gharama, na mara nyingi hakuna aliyeitengea bajeti.

Bahati nzuri Kagera haina uhaba wa miti yake ya asili. Mtoma, ule ambao magome yake yalitengenezwa nguo za zamani, hauhitaji hata kitalu: unakata tawi nene, unalichimbia, linashika. Msambya unatoa nguzo imara na ukikatwa unachipua, kwa hiyo unaweza kushindana na mkaratusi kwa kiasi fulani. Msizi unakua haraka na ni wa hapahapa. (Mti huohuo ulipelekwa Amani, Tanga, ukageuka mgeni msumbufu anayevamia msitu. Mti wa asili ni wa asili mahali pake.)

Na mafunjo? Hayo hayahitaji mradi. Yakiachwa bila kuchimbwa wala kuchomwa, yanarudi yenyewe, yanapunguza kasi ya maji na kukamata tope.

Ngono, mto unaosahaulika

Kanoni unapata vichwa vya habari kwa sababu unapita mjini. Mto Ngono ni mkubwa zaidi: unatoka vilima vya Muleba, unapita Bukoba Vijijini karibu na Ziwa Ikimba, unaingia Mto Kagera karibu na Kyaka. Mabonde yake ya mafunjo ni chujio kabla maji hayajafika Ziwa Victoria. Samaki kama ningu, ambaye hupanda mitoni kutaga mvua zinapoanza, anahitaji mito yenye maji safi na njia wazi. Ningu alishapungua sana ziwani baada ya kuvuliwa kupita kiasi kwenye midomo ya mito tangu enzi za ukoloni, kwa hiyo hana nafasi ya kupoteza makazi pia.

Ngono ukipita wilaya tatu, kijiji cha juu kikitunza na cha chini kikilima hadi ukingoni, juhudi zinaishia njiani. Sheria ya 2009 ilitoa nafasi ya jumuiya za watumia maji zinazofuata mto badala ya mipaka ya kata. Chombo kipo. Kinachosumbua ni fedha: mradi ukiisha, posho ya kikao inaisha, na kikao nacho.

Nani alipe?

Tanzania iliwahi kujaribu njia nyingine. Milima ya Uluguru, Morogoro, wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kuhifadhi ardhi yao, na walipaji wakiwemo DAWASCO na Coca-Cola waliokuwa wakitumia maji ya Ruvu Dar es Salaam. Wa chini alimlipa wa juu.

Bukoba mfano huo hauingii moja kwa moja, maana BUWASA inavuta maji Ziwa Victoria, si Kanoni. Mamlaka ya maji haina sababu ya haraka ya kumlipa mkulima wa mlimani. Mwenye sababu ni manispaa, inayobeba gharama kila mto unapojaa tope, pamoja na wenye nyumba na maduka ya bondeni.

Mvua za vuli huanza Septemba, na miche mingine itapandwa, picha zitapigwa. Mwenye kibanja cha mita 100 mtoni bado hajaambiwa nani atamfidia ile ekari moja na nusu.